Mgeni Akitafuta Nyumba Mwanza: Kodi Yake Leo, Kodi Yako Kesho

Katika mji wowote unaokua, mgeni aliyeshuka leo huulizwa kwanza amefikia wapi. Mwenyeji naye, akitakiwa ataje shida zake za mwezi, baada ya chakula na mahitaji ya shule hutaja kodi ya nyumba. Watu wengi hudhani kuwa haya ni mambo mawili yasiyohusiana: la mgeni ni la mgeni, na la mwenyeji ni la mwenyeji. Makala haya yanakusudia kukuonyesha kuwa ni jambo moja, na kwamba jinsi tunavyompangisha mgeni nyumba hapa Mwanza hugeuka, baada ya muda usiokuwa mrefu, kuwa jinsi tunavyopangishana wenyewe kwa wenyewe.

Ili tufahamiane vizuri, tumchukue mgeni mmoja wa mfano. Asiwe Mhindi wala Mwarabu, kwa maana hao wana jumuiya zao za miaka mingi katika mji huu, na wana ndugu wa kuwapokea. Asiwe mmisionari, ambaye aghalabu kanisa lake humwekea nyumba, wala mtumishi wa shirika kubwa ambalo humpangia makazi kabla hajapanda ndege. Tumchukue Mwarmenia: tuseme ni daktari, mwalimu au fundi wa mitambo, aliyekuja na mke na watoto wawili kwa mkataba wa miaka miwili. Hana jamaa wa kumtangulia, na huenda asimpate mtaani hata mtu mmoja anayesema lugha yake. Akitaka nyumba, hana mlango wa kubisha ila wako. Kwa hiyo mfano wake unatufaa sana, maana haki ya mji hupimwa kwa mtu asiye na mtetezi.

KUTOKA NCHI YA MAWE

Armenia ni nchi ndogo ya milima, iliyo kusini ya safu ya Caucasus, ikipakana na Uturuki, Georgia, Azerbaijan na Iran. Ilikuwa mojawapo ya jamhuri za Urusi ya Kisovyeti hadi ilipojitawala mwaka 1991. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 29,700. Ziwa Victoria, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800, lingeweza kuimeza mara mbili na nafasi ikabaki. Watu wake ni kama milioni tatu, hali Mkoa wa Mwanza peke yake, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, una watu zaidi ya milioni tatu na nusu.

Wenyewe huiita nchi yao Hayastan, na kwa utani huiita Karastan, yaani nchi ya mawe. Mji wao mkuu, Yerevan, unasifika kwa majengo ya mawe ya volkano yenye rangi ya waridi. Mtu wa namna hii akifika kwetu na kuona miamba iliyopandana vilimani, na Mwamba wa Bismarck uliosimama majini karibu na Kamanga, hatashangaa sana. Ziwa pia analijua. Kwao kuna Ziwa Sevan, lililo kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambalo maji yake yalipunguzwa mno katika karne iliyopita kwa ajili ya umeme na kilimo cha umwagiliaji, kisha yakaanza kupanda tena katika miaka ya 2000, yakazifikia nyumba na miti iliyokuwa imeota mahali palipokuwa ziwa zamani.

Lakini kumbukumbu kubwa aliyo nayo Mwarmenia juu ya nyumba ni ya majonzi. Tarehe 7 Desemba 1988 tetemeko la ardhi liliipiga sehemu ya kaskazini ya nchi hiyo, likaubomoa mji wa Spitak na sehemu kubwa ya mji ambao sasa unaitwa Gyumri. Watu wapatao 25,000 walikufa, na mamia ya maelfu wakabaki bila makao. Maghorofa mengi yaliyoporomoka yalikuwa yamejengwa kwa zege hafifu. Zipo familia zilizoendelea kuishi katika vibanda vya muda vya chuma kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya siku ile. Mtu aliyekulia katika habari hizo, akionyeshwa nyumba iliyotiwa rangi nzuri, huuliza msingi wake umekaa juu ya nini. Usimwone mkorofi. Nasi wa kandokando ya Ziwa hatuna sababu ya kulicheka swali hilo, maana tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 mkoani Kagera lilibomoa nyumba nyingi na kuua watu.

Liko jambo jingine. Katika enzi ya Kisovyeti nyumba nyingi za mijini zilikuwa mali ya serikali. Baada ya 1991 zilikabidhiwa kwa watu waliokuwa wakiishi ndani yake, na hivyo familia nyingi za Kiarmenia zikawa na nyumba zao wenyewe. Mgeni wetu, basi, huenda hajawahi kupanga nyumba maishani mwake. Mambo ya dalali, kodi ya miezi sita na notisi ya kuhama anakuja kujifunza hapa kwetu. Sisi ndio walimu wake, kwa hiyo yafaa tuangalie ni somo gani tunalompa.

MJI UNAOPANDA MLIMA

Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda baharini. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake. Katika miaka ya tisini vikaja viwanda vya minofu ya sangara, na pamoja navyo ndege kubwa za mizigo. Wakati huo marubani na mafundi kutoka nchi zilizokuwa za Kisovyeti walizoeleka mjini. Baadhi yao hawakurudi kwao: mwezi Machi 2005 ndege aina ya Ilyushin iliyopakia samaki ilianguka ziwani mara baada ya kuruka Mwanza, na watu wote wanane waliokuwamo wakafa. Mwaka 2000 Mwanza ilipewa hadhi ya jiji. Leo Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni moja.

Umbo la mji huu ndilo linalogawa kodi zake. Ardhi tambarare ni haba, nayo ilichukuliwa mapema na maduka, reli, bandari na viwanda. Nyumba kubwa zenye bustani na upepo wa ziwa ziko Capri Point na kwenye miteremko ya Isamilo. Mitaa kama Mabatini na Igogo imejipandia vilimani, nyumba juu ya nyumba, jiwe kwa jiwe, mahali ambapo gari halifiki na mama hupanda ngazi za miamba na ndoo kichwani. Kirumba na Nyamanoro ni mitaa ya watu wengi, na iko karibu na mji. Nyegezi, Buhongwa na Nyakato ni za wale waliokubali nauli ya daladala ili wapate uwanja wa kuanika nguo.

Ndiyo maana ukisema “nyumba nzuri” hapa Mwanza, unasema mambo matatu: maji yanafika, gari linafika, na mvua ikinyesha hakuna jiwe wala tope litakaloshuka juu ya paa. Nyumba zenye mambo yote matatu hazitoshi. Mgeni na mwenyeji hukutana mbele ya nyumba hizo chache, na hapo ndipo tatizo letu linapoanza.

ARDHI HAINUNULIWI NA MGENI

Kabla hatujafika kwenye kodi, liko jambo ambalo wenye viwanja na wageni wao hawana budi kulijua. Katika Tanzania Bara ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inaeleza kuwa mtu asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji, kwa utaratibu wa sheria za uwekezaji. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wasio raia huhesabiwa nayo kuwa si raia. Zanzibar ina sheria yake ya ardhi, kwa hiyo yanayosikika huko kuhusu wageni kununua nyumba za mradi yasiletwe Mwanza kama hoja.

Mwarmenia wetu, basi, hawezi kununua kiwanja pale Ilemela akajijengea kibanda cha uzeeni. Anachoweza ni kupanga nyumba, na jambo hilo ni halali kabisa. Hata hivyo wapo watu wanaomnong’oneza mgeni kwamba atoe fedha, na kiwanja kiandikwe jina la rafiki. Mpango huu ni mtego wenye meno pande zote mbili. Mgeni akigombana na rafiki yake, hati inamtaja rafiki. Na raia aliyekubali kuazimisha jina lake amejiingiza katika njama ya kuikwepa sheria. Urafiki mwingi umefia katika viwanja vya namna hiyo.

Vilevile nyumba iliyo ufukweni kabisa, ambayo mgeni huipenda kwa sababu ya machweo, ichunguzwe kwanza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ziwa nalo lina njia yake ya kukumbusha. Baada ya mvua kubwa za 2019 na 2020 maji yalipanda hadi yakaingia katika nyumba na mialo ya wavuvi. Mtu wa Sevan analielewa hilo bila kufafanuliwa.

HESABU YA SIKU YA KWANZA

Sasa tuje kwenye fedha. Desturi ya mji ni kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, kulipwa mbele. Dalali naye hudai malipo yake, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja. Tufanye hesabu kwa mfano tu: nyumba ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 1,800,000. Ongeza 300,000 ya dalali, na jumla ni shilingi 2,100,000 kabla kitanda hakijaingia ndani. Mfanyakazi wa kiwanda cha samaki anayetafuta chumba kimoja cha shilingi 50,000 ana hesabu ileile, ila ni ndogo: shilingi 350,000 siku ya kwanza. Kwake yeye, hata hivyo, fedha hiyo ni nzito kuliko zile za daktari.

Kodi ya mbele haikuzuka bure. Mwenye nyumba wa Mwanza aghalabu si tajiri. Ni mwalimu mstaafu, mjane, au mtumishi aliyejenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi na mitano bila mkopo wa benki. Kodi ya miezi sita ndiyo mkopo wake. Ndiyo inayoezeka banda la uani na kulipa karo ya mtoto. Kulitambua hili ni haki. Lakini kulitambua si kusema kwamba halina mpaka.

Nchi yetu imewahi kujaribu kuuweka mpaka huo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, sharti lililolegezwa Zanzibar mwaka 1991. Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye baadaye aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1984 ilipitishwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyompa mpangaji mahali pa kulalamikia kodi iliyozidi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano ya watu wawili, na katika mapatano mwenye haraka ndiye anayeumia. Mgeni aliye hotelini na watoto wawili ana haraka. Muuguzi aliyepewa notisi ya mwezi mmoja naye ana haraka.

BEI YA MGENI

Hapa ndipo kiini cha maneno yetu. Mwenye nyumba anayemwona mgeni mlangoni hupatwa na kishawishi. Nyumba iliyokuwa ya 300,000 jana, leo ni ya 600,000. Dalali anakonyeza, kwa kuwa mwezi mmoja wa 600,000 ni mwezi wake pia. Mgeni hajui bei ya mji. Anapiga hesabu kwa fedha ya kwao, anaona si nyingi, analipa. Kila mtu amefurahi, na inaonekana hakuna aliyedhulumiwa isipokuwa mtu mmoja mwenye uwezo wa kudhulumiwa.

Lakini fuatana nami hatua chache zaidi, ndugu msomaji. Dalali huyo ana midomo. Kesho yake mwenye nyumba ya pili katika mteremko uleule anasikia kwamba kwa jirani wametoa laki sita. Nyumba yake haina tofauti, kwa hiyo naye anataka laki sita, au walau laki tano. Ndani ya nyumba hiyo anaishi daktari msaidizi wa Kitanzania na familia yake. Hawezi laki tano, anashuka Nyamanoro. Huko ana uwezo kuliko aliyekuwapo, kwa hiyo mwenye nyumba wa Nyamanoro anapandisha kidogo. Karani aliyekuwa akiishi hapo anatafuta Mabatini bondeni. Na yule wa Mabatini bondeni, mbeba mizigo au mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, anapanda juu zaidi, penye mwamba, ambapo bomba halifiki. Mgeni wetu hajamfukuza mtu yeyote. Ni bei aliyotozwa ndiyo iliyoshuka mlima upande mmoja na kuwapandisha watu mlima upande mwingine.

Kisha mkataba wa mgeni unakwisha, anarudi Yerevan. Nyumba ya laki sita inakaa tupu miezi mitano, nyasi zinaota hadi dirishani, kwa sababu mwenyewe hataki kurudi laki tatu. Ukihesabu miezi mitano ya bure, utaona kuwa sehemu ya faida aliyoipata imekwisha kuliwa. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Wapo wenye nyumba watakaojibu: “Mgeni hutaka jenereta, tangi la maji, geti, nyavu za madirisha na mlinzi. Hayo yote ni gharama.” Jibu hilo ni la haki. Anayetaka zaidi na alipe zaidi, awe Mwarmenia au Mhaya. Kanuni ni moja: lipisha kitu, usilipishe uso. Ukiweza kuandika kwenye karatasi kile kilichoongeza bei, bei yako ni halali. Ukishindwa kuandika, basi unachomlipisha ni nywele zake.

Jambo jingine ni dola. Kwa miaka mingi nyumba za Capri Point na za miji mingine zilitajiwa bei kwa fedha za kigeni. Kanuni zilizotolewa na Serikali mwezi Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za humu nchini. Kodi ya nyumba ya Mwanza ni ya shilingi, na mwenye kudai dola anavunja sheria hata kama mpangaji amekubali. Vilevile amri iliyotolewa Julai 2025 imeutaja uwakala wa nyumba na viwanja kuwa miongoni mwa biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Kazi ya dalali, basi, imeachwa mikononi mwa raia, na heshima ya kazi hiyo, au aibu yake, ni yetu wenyewe.

KUISHI SI KULALA TU

Baada ya nyumba kuna maisha. Mgeni huona ajabu kwamba mji ulio kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika unaweza kukosa maji bombani. Mwelezeni kwamba maji huvutwa kutoka ziwani kwa mashine na kusukumwa vilimani, na kila kilima kina urefu wake. Kwa hiyo tangi ni sehemu ya nyumba. Umeme hununuliwa mapema kwa LUKU. Ajue pia kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo, mwanzoni ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo kwa asili yake ni deni la mwenye nyumba. Yafaa mapatano yaseme mapema kama mpangaji atarudishiwa au la, ili ugomvi wa shilingi elfu usivunje urafiki wa mamilioni.

Watoto wake wataona wenzao wakiogelea na watataka kuwafuata. Jirani mwema atamwambia ukweli: maji ya kingo za Ziwa Victoria yana kichocho, kwa wenyeji na kwa wageni vilevile, na chandarua ni lazima kila kitanda. Ushauri huu hauna malipo, na una thamani kuliko samani.

Chakula hakitamsumbua. Kwao hula samaki wa Sevan anayeitwa ishkhan, yaani mtawala, kama tunavyomheshimu sato. Wao huoka mkate mwembamba uitwao lavash kwenye tanuri la udongo lililochimbiwa chini, na hukausha matunda kwa ajili ya majira ya baridi. Mke wa mwenyeji akimwonyesha mke wa mgeni michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani, watafahamiana kabla hawajajua lugha. Neno la kwanza la Kisukuma na liwe “Mwangaluka” asubuhi na “Mwadila” mchana. Mtu anayesalimu hachelewi kujulikana, na mtu anayejulikana haibiwi kwa urahisi.

Wala tusidhani kwamba mgeni wa aina hii daima ni wa kupita. Mwaka 1924 mtawala wa Ethiopia, Ras Tafari, aliwachukua yatima arobaini wa Kiarmenia kutoka Yerusalemu, waliobaki baada ya mauaji makubwa ya watu wao yaliyoanza 1915, akawapeleka Addis Ababa wakawe kikosi cha tarumbeta. Kiongozi wao wa muziki, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga sauti ya wimbo wa taifa wa Ethiopia wa enzi ile. Watu wasiokuwa na nyumba walipewa nyumba, nao wakaipa nchi iliyowapokea wimbo wake.

KARATASI NDIYO SHAHIDI

Turudi kwenye mapatano. Sheria ya Ardhi haikumwacha mpangaji uchi, wala haibagui kati ya mgeni na raia. Inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani bila kuingiliwa. Inamtaka nyumba ya kuishi iwe inafaa binadamu kukaa tangu siku ya kwanza na ibaki hivyo. Palipopangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni jukumu la mwenye nyumba. Nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko bila kosa la mpangaji, kodi husimama.

Haki hizi hazina faida kama hakuna maandishi. Kwa hiyo andikeni mkataba, kwa Kiswahili ambacho nyote mnakielewa, na mgeni apewe tafsiri. Utaje majina, nyumba na mipaka yake, kodi kwa shilingi, muda, nani atengeneze nini, notisi ya miezi mingapi, na kodi mpya itapatanwaje muda ukiisha. Andikeni hali ya nyumba siku ya kuingia: mabomba, vitasa, vioo. Kila malipo yawe na stakabadhi. Lipieni ushuru wa stempu, maana mkataba usiolipiwa hauwezi kusimama mbele ya baraza kama ushahidi. Mjulisheni mwenyekiti wa mtaa, naye aone kibali cha ukaazi cha mgeni, ili siku ya msiba au ya moto watu wajue nani analala wapi. Mkikosana, Baraza la Kata lipo kwa ajili ya kupatanisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa ajili ya kuamua.

NENO KWA KILA MMOJA

Mwenye nyumba: jasho lako lina haki ya malipo, na hakuna anayekutaka upangishe kwa hasara. Lakini uwe na bei moja. Bei mbili ni kama mizani miwili sokoni. Anayekamatwa nayo hapotezi mgeni tu, hupoteza pia imani ya majirani.

Dalali: wewe ndiwe mdomo wa mji. Mgeni akikuuliza bei ya kawaida ya mtaa huu, mwambie. Mteja aliyetendewa haki huleta wateja wengine.

Nawe mpangaji mwenzangu, unayesoma gazeti hili Jumapili ukiwa umeketi mlangoni pa chumba chako Igogo au Pasiansi, usiseme kuwa ya Mwarmenia hayakuhusu. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wakiwa na maana kwamba mgeni huchukua nafasi yake katika kazi na katika desturi za nyumba. Hawakusema siku ya tatu mpe bei yake peke yake. Ukimwona anatajiwa kodi ambayo unajua si ya mtaa, mwambie ukweli, hata kwa ishara ya vidole. Utakuwa umeitetea kodi yako mwenyewe ya mwaka ujao.